Kisima cha Tatu: Hotuba juu ya Kukaa kwa Amani na Jirani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wakulima na wafugaji baada ya mavuno.)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya jinsi iwapasavyo watu kukaa pamoja kwa amani, kama yafundishavyo Maandiko Matakatifu. Sisi si wahubiri. Sisi ni watu wa kalamu na daftari. Kazi yetu ni kuyaandika mashauri ya watu yaletwapo barazani, na kuyasoma tena yatakapohitajiwa. Lakini aandikaye mashauri kwa miaka mingi hujifunza jambo moja, nalo ni kujua ugomvi ulianzia wapi kabla haujawa mkubwa. Kwa hiyo twataka leo kuyaweka pamoja mambo mawili: yale tuliyofundishwa katika shule ya misioni, na yale tuyaonayo kila siku daftarini.

Neno letu ni moja, na mkisahau mengine yote, tafadhali msilisahau hili. Watu wengi hungoja mwenye kosa aje kwanza, ndipo amani ianze. Maandiko yafundisha kinyume. Yasema kwamba hatua ya kwanza ni ya yule mwenye haki, hasa akiwa pia ndiye mwenye nguvu.

Kwanza tutazame ugomvi huzaliwaje. Watu hudhani ya kuwa ugomvi mkubwa huzaliwa na jambo kubwa. Daftari letu halisemi hivyo. Mara nyingi huanza kwa upana wa jembe moja. Mtu hulima mpaka kwenye mstari wa minyaa iliyopandwa na wazee. Mwaka wa pili jembe lake hupita kidogo. Mwaka wa tatu mnyaa mmoja hukauka, wala hapana ajuaye kama uliuawa na jua au na panga. Jirani huona akanyamaza, lakini moyoni haachi kuhesabu. Au ndama wawili huponyoka jioni wakala mistari minne ya mahindi. Mwenye shamba haendi kwa mwenye ndama. Huenda kwa wenzake akawaambia ya kuwa watu wa kabila lile ndivyo walivyo siku zote. Hapo jambo la ndama wawili limekwisha kuwa jambo la kabila zima.

Shauri lifikapo barazani, mdai na mdaiwa wamekwisha tumia nauli, na chakula cha mashahidi, na siku nyingi za kulima, hata pengine gharama imepita thamani ya kile kipande cha ardhi. Naye atakayeshinda hurudi nyumbani na hati mkononi, akakae karibu na mtu asiyemsalimu. Usiku nyumba yake ikishika moto, atampigia nani kelele? Wazee walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Na fimbo ya karibu ni jirani.

Sasa tuyafungue Maandiko. Katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 13, twasoma habari za Abramu na Lutu, mwana wa ndugu yake. Wote wawili walikuwa na mifugo mingi, na nchi haikuweza kuwatosha pamoja. Wachungaji wa huyu wakagombana na wachungaji wa yule. Tena kitabu chaongeza neno ambalo msomaji wa haraka hulipita, ya kwamba Wakanaani na Waperizi walikuwa wakikaa katika nchi ile wakati ule. Maana yake ni kwamba hawa ndugu walikuwa wageni, na wenyeji walikuwa wakiwatazama wakigombana.

Basi Abramu alifanya nini? Yeye ndiye mkubwa kwa umri, ndiye mwenye mali nyingi, tena ndiye aliyepewa ahadi ya nchi ile. Kwa desturi yoyote ya watu wa zamani, angaliweza kusema, “Mimi nitachukua bonde, wewe nenda mlimani.” Hakusema hivyo. Alimwambia kijana achague kwanza, naye mwenyewe atachukua kitakachobaki. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lina maji kila mahali, akalichukua lote.

Mtu atasema, “Abramu alikuwa mjinga.” Lakini endelea kusoma mpaka mlango wa 14. Lutu alipotekwa na wafalme waliokuja vitani, ni nani aliyekwenda kumwokoa? Ni yule yule mzee aliyenyimwa bonde zuri. Alitoka na watu 318 waliozaliwa nyumbani mwake, akawafuata adui usiku, akamrudisha Lutu na mali yake yote. Kumbe kule kuacha bonde hakukuwa woga. Mtu awezaye kutoka usiku na watu 318 si mwoga. Aliacha bonde ili asimpoteze ndugu.

Habari ya pili ni ya Isaka, mwana wa Ibrahimu, nayo yahusu maji. Tunaomba wafugaji waisikilize sana. Imeandikwa katika Mwanzo, mlango wa 26. Isaka alikaa Gerari katika nchi ya Wafilisti wakati wa njaa. Alipanda, akavuna mara mia, na makundi yake yakaongezeka. Wenyeji wakamwonea wivu. Wakavijaza udongo visima vilivyochimbwa na watumishi wa baba yake. Fikirini, ndugu, mtu akifukia kisima katika nchi kavu! Yeye mwenyewe hapati maji, na mwenzake pia hapati. Wivu ndio kazi yake hiyo. Hutosheka kwa hasara ya wote.

Mfalme Abimeleki akamwambia Isaka aondoke, kwa kuwa amekuwa na nguvu kuliko wao. Isaka akaondoka, akapiga hema katika bonde, akachimba kisima, akapata maji ya kububujika. Wachungaji wa Gerari wakaja wakisema maji ni yao. Isaka akakiita kisima hicho Eseki, maana yake ugomvi, akakiacha. Akachimba cha pili; wakakigombania hicho nacho; akakiita Sitna, maana yake uadui, akakiacha. Akaenda mbele, akachimba cha tatu. Hicho hawakukigombania. Akakiita Rehobothi, maana yake nafasi.

Ninyi mliochimba visima kwa mikono mwajua kazi yake. Kisima si shimo la kuotesha mgomba. Mtu huchimba siku nyingi, akitoa udongo kwa ndoo na kamba, asijue kama atakuta maji au mwamba. Kwa hiyo kuacha kisima chenye maji, tena kuacha viwili, si jambo dogo. Isaka alilipa gharama kubwa kwa ajili ya amani. Lakini tazameni mwisho wake. Baadaye Abimeleki alimfuata huko Beer-sheba, pamoja na rafiki yake na mkuu wa jeshi lake, akaomba wafanye agano. Isaka hakujifanya kana kwamba hapakuwa na neno. Aliwauliza wazi kwa nini wamekuja kwake, hali walimchukia na kumfukuza. Kisha akawafanyia karamu, wakala na kunywa, na asubuhi wakaapiana. Siku ile ile watumishi wake wakaja na habari kwamba wamepata maji katika kisima kingine.

Ndugu zetu, jambo la watu waliogombana kuja kula pamoja si geni kwetu, wala halikuletwa na misioni. Wazee wetu walilijua. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karibu na mwaka 1880, na damu nyingi ilimwagika pande zote mbili. Baadaye hao waliopigana wakawa watani. Mhehe na Mngoni hutukanana leo kwa mzaha bila ya mmoja kukasirika, na penye msiba mtani ana kazi yake, tena hawezi kukataliwa. Wazee hawakusahau vita. Waliigeuza kumbukumbu ya vita ikawa kamba ya kuwafunga pamoja. Hiyo ni hekima kubwa, na aisomaye habari ya Beer-sheba ataitambua mara moja.

Walakini ni vema tuseme pia gharama ya kukosa hekima hiyo. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Thelathini na wanane, ndugu. Hesabuni watu walioketi katika mistari hii ya mbele, mtaona ni wangapi. Ugomvi ule haukuzaliwa siku ile. Ulikuwa umekaa miaka, juu ya malisho na mashamba na maji, kama moto ukaavyo chini ya majivu. Hatulitaji jambo hili ili kuwahukumu watu wa huko, kwa maana hapana kijiji penye jembe na ng'ombe kiwezacho kusema, “Hayo kwetu hayawezi kutokea.”

Sasa twajua kuna mzee mmoja hapa aliye na swali moyoni, nalo ni swali la haki. Atasema, “Isaka alikuwa na mahali pa kwenda. Alifukuzwa hapa akachimba pale. Mimi niende wapi? Upande huu ni shamba la mtu, upande huu ni hifadhi, upande huu ni barabara. Watoto wangu ni saba na ekari zangu ni tatu. Mkinifundisha kuacha, mwanifundisha kufa na njaa.”

Swali hili hatutalipita. Ni kweli, ardhi ya kuhamia imekwisha mahali pengi. Lakini twawaomba mlitazame tena lile neno Rehobothi. Nafasi si ardhi peke yake. Kuna nafasi ya wakati. Mfugaji akingoja mpaka mahindi yamevunwa, ng'ombe wake hula mabua katika shamba lile lile, na mkulima hupata samadi bila ya kuinunua. Shamba ni moja, nao wote wawili wamelitumia. Kuna nafasi ya zamu. Asubuhi akina mama wateke maji, adhuhuri ng'ombe wanyweshwe chini ya mkondo. Kisima ni kimoja na hapana aliyenyimwa. Kuna nafasi ya njia. Njia ya mifugo ikipimwa na kuwekewa alama mbele ya watu wa pande mbili, ndama hapotei penye mahindi kwa kisingizio cha kutoijua. Mambo haya hayataki ekari mpya. Yanataka watu wawili waketi chini ya mti mmoja kabla ya mvua. Na kwa kuwa kila mmoja humngoja mwenziwe, ndiyo sababu twasema aanze mwenye haki.

Tena Maandiko yatuonyesha namna ya kuanza. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 18, Bwana Yesu afundisha kwamba ndugu yako akikukosea, enenda wewe mwenyewe kwake, mkaongee ninyi wawili tu. Asipokusikia, chukua mtu mmoja au wawili pamoja nawe. Asipowasikia hao, ndipo jambo lipelekwe mbele ya kusanyiko. Angalieni utaratibu huo. Aliyekosewa ndiye anayekwenda. Tena jambo huanza kwa siri, likatoka kidogo kidogo. Sisi tuandikao mashauri twaona wengi wakianzia mwisho. Kwanza wanatangaza sokoni, kisha wanakuja barazani, na kwa jirani hawafiki kabisa.

Katika Injili hiyo hiyo, mlango wa 5, twasoma kwamba mtu akileta sadaka yake madhabahuni, kisha akakumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende kwanza akapatane naye. Maneno haya yalisemwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku tatu hivi kwa miguu. Basi mtu wa Galilaya aliyesikia maneno hayo alielewa gharama yake: siku tatu kurudi nyumbani, kupatana, na siku tatu tena kupanda Yerusalemu. Naye jirani yetu sisi yu umbali gani? Mara nyingi twauona moshi wa jiko lake.

Kuna habari nyingine katika Matendo ya Mitume, mlango wa 6, inayofaa sana kwa wale wanaoshika mamlaka. Katika kanisa la kwanza huko Yerusalemu, watu wa lugha ya Kiyunani walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wanyamaze kwa ajili ya umoja. Waliwaita wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema waisimamie kazi hiyo. Na majina ya wale saba yameandikwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote saba ni majina ya Kiyunani. Yaonekana basi kwamba kapu la chakula lilitiwa mikononi mwa upande ule ule ulionung'unika. Ni wenye nguvu wangapi wawezao kufanya hivyo?

Hapa twapenda kuwakumbusha jambo la sheria. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaagiza kwamba kila kijiji kiwe na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu saba, na katika hao watatu wawe wanawake. Kazi yake ni kuwasuluhisha watu wenye ugomvi wa ardhi. Hatusemi kwamba watunga sheria walikuwa wakisoma Matendo ya Mitume. Twasema tu kwamba ni hekima ile ile: watu saba waliokubaliwa na wenzao, waketio karibu na mahali penye neno, nao wanaujua mnyaa ule tangu ulipopandwa. Basi mtumieni mpatanishi wa karibu kabla ya kwenda mbali. Na ninyi mtakaochaguliwa, kumbukeni majina yale saba. Baraza likiwa la upande mmoja tu, wala mfugaji hana mtu ndani yake, litaandika hukumu nzuri isiyopatanisha mtu.

Lakini mtu asichukue maneno yetu akayafanya blanketi la kufunikia uovu. Kuna watu wapendao kuhubiri amani ili wasiulizwe. Mwenye nguvu anyang'anye shamba la mjane, kisha amwambie mjane, “Mama, tukae kwa amani.” Hiyo si amani ya Maandiko. Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi akamwambia kosa lake usoni. Nehemia, katika mlango wa 5 wa kitabu chake, aliwakasirikia wakuu waliochukua mashamba ya maskini kwa rehani wakati wa njaa, akawataka wayarudishe, nao wakaahidi kuyarudisha. Na Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi katika mlango wa 12 kwamba wakae kwa amani na watu wote, alitia sharti: kama yawezekana, kwa upande wao. Alijua ya kuwa upande wa pili pengine hautakubali. Kwa hiyo mjane aliyedhulumiwa haambiwi aache kisima chake. Wenye kuambiwa waache ni Abramu na Isaka, watu wenye kundi kubwa na watumishi wengi, waliokuwa na uwezo wa kushikilia.

Basi, ndugu zetu, kila mmoja ajiulize yeye yuko upande gani. Katika jambo lile linalokukosesha usingizi na jirani yako, wewe ndiwe mjane au ndiwe Abramu? Ukiwa mjane, piga mbiu, usiogope. Twende pamoja barazani, nasi tutaiandika kila neno yako bila ya kupunguza. Ukiwa Abramu, jioni ya leo jua halijachwa, chukua fimbo yako uende kwa jirani. Usichukue mashahidi, wala hati. Piga hodi, usalimu, uulize hali ya watoto. Kisha sema neno lako kwa upole, na kama ni jambo la upana wa jembe, liache. Hutakufa kwa upana wa jembe. Lakini watu wamekufa kwa kutaka kuurudisha.

Tunajua kwamba katika mkutano huu wamo Wakristo na Waislamu, na wengine washikao mila za wazee. Tumesema kwa Maandiko kwa kuwa ndiyo tuliyofundishwa. Lakini Ibrahimu ni baba aheshimiwaye na Wakristo na Waislamu pia, na kiu ya ng'ombe haina dini. Mvua zitaanza karibuni. Mashamba yatalimwa, mifugo itatafuta malisho, na ndama wawili wataponyoka tena jioni moja, kwa maana ndama hawasikii hotuba. Siku hiyo ndipo itakapojulikana kama tumekaa hapa bure.

Mungu awape mvua ya kutosha, na jirani mwema. Na jirani mwema asipopatikana, awape ninyi moyo wa kuwa jirani huyo kwanza.